Dawa za Shinikizo la Damu na Usikivu wa Mwili kwa Insulini

Utangulizi

Shinikizo la juu la damu na kisukari ni maradhi mawili yaliyozoea kuandamana kama chanda na pete. Utafiti wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukiza uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulibaini kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu lililozidi kiwango kinachokubalika. Wenye kisukari walikuwa wachache zaidi, ila duniani kote zaidi ya nusu ya watu wenye kisukari cha aina ya pili huwa na shinikizo la juu pia. Kutokana na kuandamana huku, kumezuka kauli ambayo husikika sokoni, matangani na hata ndani ya matatu: kwamba fulani alikuwa na presha tu, akaanzishiwa vidonge, na vidonge hivyo ndivyo vilivyomletea sukari.

Kauli hii si ya kupuuzwa. Kwanza, ina chembe ya ukweli ambayo wanasayansi wenyewe wameikiri kwa zaidi ya miaka sitini. Pili, ina hatari, kwa maana anayeiamini bila kuipima huweza kuvitupa vidonge vyake, naye akajikuta amekwepa sukari ya kesho na kuangukia kiharusi cha leo. Makala haya yananuia kueleza, kwa Kiswahili kinachoweza kumfikia mgonjwa na daktari wake kwa pamoja, namna dawa za shinikizo la damu zinavyougusa uwezo wa mwili wa kuisikiliza insulini; ni dawa zipi zinazoudhoofisha uwezo huo, zipi zinazouimarisha, na kwa kiasi gani.

Suala la istilahi

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, yafaa kutazama maneno yenyewe. Neno presha limetoholewa kutoka Kiingereza na kufanywa jina la ugonjwa, ingawa kila aliye hai ana presha; asiye nayo amekwisha kufa. Ndiyo maana wazungumzaji wamelazimika kuongeza vijalizo: presha ya kupanda na presha ya kushuka. Katika makala haya, shinikizo la juu la damu ni hali ambapo vipimo vinavyorudiwa huonyesha 140 kwa 90 au zaidi, kwa milimita za zebaki. Tarakimu ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unapojikamua, na ya pili ni nguvu inayosalia moyo unapopumzika.

Ugumu zaidi uko katika neno usikivu. Mara nyingi huandikwa usikivu wa insulini, na hapo kihusishi cha a-unganifu huzua utata uleule unaopatikana katika mapenzi ya mama: je, mama ndiye anayependa au anayependwa? Usikivu wa insulini huweza kumpotosha msomaji akadhani kuwa insulini ndiyo inayosikia. Ukweli ni kinyume. Insulini husema na seli za mwili husikia. Hivyo basi, usikivu wa seli kwa insulini ni tafsiri iliyo salama, hata kama ni ndefu. Neno lenyewe limechaguliwa vyema. Mtoto msikivu katika Kiswahili si yule mwenye masikio mazuri tu, bali ni yule anayesikia na kutenda. Nayo seli yenye usikivu ndivyo ilivyo. Kinyume chake, ukinzani, kinafaa kuliko usugu, kwa sababu usugu umezoeleka katika kuvieleza vijidudu vilivyozoea dawa, na hapa hakuna kijidudu chochote.

Kuhusu majina ya makundi ya dawa, hali ni ya kuchekesha kidogo. Dawa zinazouhimiza mwili kutoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo zingeweza kuitwa vikojozi kwa mujibu wa kanuni za uundaji wa maneno, lakini kikojozi tayari ni mtoto anayelowesha kitanda. Wagonjwa wengi huziita dawa za maji, na jina hilo litatumika hapa kwa kuwa linaeleweka.

Hodi ya insulini

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Mtu alapo ugali, wali au muhogo, wanga husagwa tumboni na kuwa glukosi, nayo glukosi huingia katika damu. Kongosho hutambua kupanda huko na kumwaga insulini, ambayo husafiri hadi kwenye misuli, ini na mafuta ya mwili. Vitabu vingi huifananisha insulini na ufunguo unaofungua mlango wa seli. Tashbihi hiyo ina kasoro moja: ufunguo ama hufungua ama haufungui, ilhali usikivu wa seli ni jambo la viwango. Tashbihi ya hodi ingekuwa karibu zaidi na ukweli. Insulini hupiga hodi, na seli yenye usikivu huitikia karibu mara ya kwanza, ikaipokea glukosi ndani. Seli yenye ukinzani huhitaji hodi ya pili na ya tatu, tena kwa sauti ya juu zaidi. Kongosho hulazimika kumwaga insulini maradufu ili kiwango kilekile cha glukosi kiingie. Kwa miaka kadhaa sukari katika damu huweza kuonekana sawa kabisa, kumbe kongosho linapaza sauti usiku na mchana. Linapochoka, sukari hupanda, na hapo ndipo kisukari cha aina ya pili hutangazwa.

Wazo la kwamba si kila mwenye kisukari amepungukiwa na insulini lilitolewa na daktari Mwingereza Harold Himsworth mwaka 1936. Aliwapa wagonjwa insulini na glukosi kwa pamoja, akaona kuwa baadhi yao sukari ilidhibitiwa upesi na wengine haikudhibitiwa. Iliwachukua wanasayansi miongo minne zaidi kupata njia ya kupima jambo hilo kwa uhakika. Mwaka 1979, Ralph DeFronzo na wenzake walieleza mbinu ambayo hadi leo ndiyo mizani inayoaminiwa zaidi. Mtu hutiwa insulini mshipani kwa kasi isiyobadilika, na papo hapo hutiwa glukosi kiasi cha kutosha kuzuia sukari yake isishuke. Kiasi cha glukosi kinachohitajika ndicho kipimo: anayehitaji nyingi ana seli sikivu, kwa kuwa zinaimeza haraka, anayehitaji kidogo ana seli zenye ukinzani.

Mbinu hii ndiyo iliyofichua jambo linaloipunguzia makali kauli ya matatuni. Mwaka 1987, Ele Ferrannini na wenzake waliwapima watu wenye shinikizo la juu la damu ambao hawakuwa wanene wala hawakuwa na kisukari. Walikuta kwamba seli zao zilikuwa na ukinzani dhahiri zikilinganishwa na za watu wenye shinikizo la kawaida. Mwaka uliofuata, Gerald Reaven wa Chuo Kikuu cha Stanford alipendekeza kwamba ukinzani huo ndio uzi unaoyaunganisha shinikizo la juu, sukari ya juu na mafuta mabaya katika damu. Kwa maneno mengine, wagonjwa wengi wa presha huwa tayari wameshika njia ya kuelekea kwenye kisukari hata kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Swali la haki si kama dawa imeleta sukari, bali ni kama imemsukuma mtu huyo mbele, imemrudisha nyuma, au imemwacha alipokuwa.

Dawa za maji

Kundi la thiazidi liliingia madukani mwaka 1958, na lilikuwa baraka kubwa. Kabla ya hapo, dawa zilizokuwapo zilimtesa mgonjwa kiasi kwamba wengi waliona afadhali ugonjwa. Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla ya madaktari kugundua kwamba sukari ya baadhi ya wagonjwa ilikuwa ikipanda.

Sababu zake ni mbili, na kila moja hugusa upande wake wa mlango. Dawa za maji zinapoifukuza chumvi kupitia figo, huifukuza potasiamu pia. Seli za kongosho zinazomwaga insulini hutegemea mwendo wa potasiamu ili kujua lini zimwage; potasiamu ipunguapo, hodi yenyewe hufifia. Upande wa pili ni wa mwenye nyumba: misuli na ini hupungukiwa na usikivu. Hili la pili lilipimwa kwa mbinu ya DeFronzo katika utafiti wa watafiti wa Uppsala, nchini Uswidi, uliochapishwa mwaka 1989. Wagonjwa 50 walipewa haidroklorothiazidi kwa muda na kaptoprili kwa muda mwingine, bila wao wala madaktari wao kujua ni ipi wakati upi. Walipokuwa wakitumia haidroklorothiazidi, usikivu wao kwa insulini ulishuka kwa takriban sehemu moja ya kumi. Walipokuwa wakitumia kaptoprili, ulipanda kwa kiasi kama hichohicho. Shinikizo la damu lilishushwa na dawa zote mbili.

Hapa ni muhimu kuzungumzia kipimo. Katika miaka ya 1960 na 1970, ilikuwa kawaida mgonjwa kupewa miligramu 50 hadi 100 za haidroklorothiazidi kila siku. Siku hizi wengi hupewa 12.5 au 25. Kadiri kipimo kinavyokuwa kidogo ndivyo upotevu wa potasiamu unavyopungua, na madhara kwa sukari nayo hupungua, wakati sehemu kubwa ya faida kwa shinikizo hubakia. Isitoshe, utafiti wa Uingereza uitwao PATHWAY-3, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba nusu ya kipimo cha haidroklorothiazidi ikiunganishwa na amiloridi, ambayo ni dawa ya maji inayoihifadhi potasiamu, hulishusha shinikizo vyema pasipo kuipandisha sukari. Ni ajabu kwamba jambo jepesi kama hilo lilichukua zaidi ya nusu karne kuthibitishwa.

Vizuizi vya beta

Dawa za kundi hili huuzuia moyo usiitikie kwa pupa amri za adrenalini. Propranololi, tunda la kazi ya James Black aliyetuzwa Nobel mwaka 1988, na atenololi iliyofuata, ndizo zilizoenea zaidi. Zina faida zisizopingika kwa aliyepatwa na mshtuko wa moyo au mwenye moyo dhaifu. Kwa usikivu wa seli, hata hivyo, zile za zamani zina madhara makubwa kuliko kundi lolote la dawa za presha. Zikiufunga mlango mmoja wa adrenalini, huuacha mwingine wazi, na ule uliobaki wazi huibana mishipa midogo ya damu. Njia ya kuelekea kwenye misuli husinyaa. Insulini na glukosi hufika zikiwa chache na zimechelewa. Aidha, mtu huongezeka uzito kidogo, nao uzito ni adui wa usikivu.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ukiwahusisha zaidi ya watu 12,000 wa makamo uliona kwamba wenye shinikizo la juu waliotumia vizuizi vya beta walipata kisukari kwa asilimia 28 zaidi ya wale ambao hawakutumia dawa yoyote. Mwaka 2002, utafiti wa LIFE ulilinganisha atenololi na losatani kwa wagonjwa 9,193. Waliotumia losatani walipata kisukari kipya kwa robo pungufu. Matokeo ya namna hii, pamoja na yale ya ASCOT ya mwaka 2005, yalichangia Uingereza kuziondoa dawa hizi mwaka 2006 katika orodha ya zinazoanza kutolewa kwa presha ya kawaida.

Lakini kundi hili si moja, na kulihukumu lote kwa kosa la atenololi ni sawa na kuhukumu ukoo kwa kosa la mjukuu mmoja. Kavedilolo huizuia beta na wakati huohuo huipanua mishipa, hivyo njia ya insulini haisinyai. Katika utafiti wa GEMINI wa mwaka 2004, wagonjwa 1,235 waliokuwa na presha na kisukari kwa pamoja walipewa ama kavedilolo ama metoprololi. Sukari ya wastani ilipanda kwa waliotumia metoprololi, ikatulia kwa waliotumia kavedilolo, na usikivu wao ukaimarika.

Dawa zinazoufungua mlango

Kuna homoni iitwayo anjiotensini ya pili ambayo huibana mishipa ya damu na kuiamuru figo ihifadhi chumvi. Homoni hiyo pia huvuruga mawasiliano ndani ya seli baada ya insulini kubisha, mithili ya kelele nyingi ndani ya nyumba zinazomzuia mwenyeji kusikia hodi. Dawa kama enalaprili, lisinoprili na kaptoprili huzuia kuundwa kwake. Losatani, vasatani na telmisatani huacha iundwe lakini hukizuia kipokezi chake. Matokeo kwa usikivu hufanana: kelele hupungua, na njia ya damu kuelekea kwenye misuli hupanuka. Kundi la kwanza lina kero yake ya kikohozi kikavu, na yote mawili hayapaswi kutumiwa na mjamzito, kwa kuwa humdhuru mtoto aliye tumboni. Amlodipini na jamaa zake, ambazo huzuia kalsiamu isiingie katika misuli ya mishipa, haziupandishi wala kuushusha usikivu kwa kiasi cha kutajika.

Je, dawa inayoimarisha usikivu huzuia kisukari? Jibu limekuwa na milima na mabonde. Mwaka 2006 utafiti wa DREAM uliwapa ramiprili watu 5,269 waliokuwa na sukari iliyoanza kupanda, na haukuona upungufu wa kuaminika wa kisukari kipya. Mwaka 2010 utafiti wa NAVIGATOR uliwapa vasatani watu 9,306 wa aina hiyo, na ukaona upungufu wa asilimia 14. Uchambuzi mpana zaidi ulichapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet. Uchambuzi huo ulionyesha kwamba dawa za makundi haya mawili hupunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 16 kila moja, thiazidi huuongeza kwa asilimia 20, na vizuizi vya beta huuongeza kwa asilimia 48. Jambo jingine katika uchambuzi huohuo halikutangazwa sana ingawa lilistahili. Kule kushuka kwenyewe kwa shinikizo kwa milimita 5 tu za zebaki kuliandamana na upungufu wa asilimia 11 wa kisukari kipya. Shinikizo la juu lisilotibiwa si salama kwa sukari pia.

Asilimia na watu

Asilimia huwa na tabia ya kutisha kuliko idadi ya watu. Utafiti mkubwa kuliko wote wa aina hii, ALLHAT, ulioanza mwaka 1994 huko Amerika ya Kaskazini na kutoa matokeo yake makuu mwaka 2002, unafaa kutumiwa hapa. Wagonjwa 33,357 wenye umri wa miaka 55 na zaidi waligawanywa kwa kura ili watumie klothalidoni, ambayo ni dawa ya maji, amlodipini, au lisinoprili. Baada ya miaka minne, miongoni mwa wale ambao hawakuwa na kisukari mwanzoni, asilimia 11.6 ya waliotumia dawa ya maji walikuwa nacho, asilimia 9.8 ya waliotumia amlodipini, na asilimia 8.1 ya waliotumia lisinoprili.

Tofauti kati ya dawa ya maji na lisinoprili ni ya watu watatu au wanne katika kila mia kwa miaka minne. Waliobaki wanane hivi walipata kisukari hata kwa dawa inayosifiwa kwa usikivu. Hivyo basi, mtu aliyetumia klothalidoni akapata sukari, akasema kwamba dawa ndiyo iliyomletea, uwezekano mkubwa ni kwamba amekosea, ijapokuwa hawezi kuambiwa kwa hakika kwamba amekosea. Huo ndio ugumu wa kulieleza jambo la takwimu kwa mtu mmoja, na lugha yoyote hutatizika nao.

Kwa upande wa moyo, vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo na mishtuko ya moyo havikutofautiana baina ya dawa hizo tatu, licha ya sukari kupanda zaidi katika kundi la klothalidoni. Kudhoofika kwa moyo kulikuwa kuchache zaidi katika kundi hilohilo. Utafiti mwingine wa Marekani, SHEP, ulioanza kwa wazee 4,736, ulifuatilia waliokuwa wamepata kisukari wakiwa wanatumia dawa ya maji. Taarifa yake ya mwaka 2005 ilieleza kuwa kisukari hicho hakikuongeza kwa kiwango cha kutajika vifo vya maradhi ya moyo. Yamkini sukari inayopandishwa na kidonge si ya hatari sawa na ile inayopanda yenyewe kutokana na unene na ukoo. Wataalamu bado wanalijadili hilo, na baadhi yao huona kwamba miaka kumi na minne ya ufuatiliaji ni michache kwa ugonjwa unaokula mwili polepole.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. ALLHAT ilikuwa na dawa ya nne, doksazosini, ambayo huipanua mishipa na huimarisha usikivu wa seli kwa insulini. Kama lengo lingekuwa kipimo cha DeFronzo pekee, doksazosini ingetwaa nafasi ya juu. Mwaka 2000 kundi lake lilisitishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa walikuwa wakipata udhaifu wa moyo mara mbili zaidi ya wenzao wa dawa ya maji. Dawa iliyoisifia insulini iliuangusha moyo.

Mwafrika na chaguo la dawa

Takriban thuluthi moja ya washiriki wa ALLHAT walikuwa Wamarekani weusi, na kwao lisinoprili peke yake haikufanya vizuri: shinikizo halikushuka vya kutosha, na viharusi vilikuwa asilimia 40 zaidi kuliko kwa dawa ya maji. Hili ni suala nyeti kwa Kenya. Mtu anayesoma kwamba enalaprili na lisinoprili huimarisha usikivu kwa insulini angeweza kuhitimisha kwamba ndizo za kupewa kila mgonjwa. Akifanya hivyo, atakuwa amechagua sukari nzuri na kiharusi.

Kwa bahati njema, ushahidi wa Waafrika walio barani upo sasa. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, uliwahusisha wagonjwa 728 kutoka nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda. Ulilinganisha dawa mbilimbili: amlodipini na haidroklorothiazidi, amlodipini na perindoprili, au perindoprili na haidroklorothiazidi. Jozi mbili zenye amlodipini zilishusha shinikizo zaidi ya ile ya tatu, na baina yao hazikutofautiana. Umuhimu wa matokeo haya kwa mada iliyopo ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Kwa mgonjwa ambaye ukoo wake una kisukari, au ambaye kiuno chake kimepanuka na sukari yake ya asubuhi imeanza kukaribia 7, daktari anaweza kuchagua amlodipini na perindoprili bila kupoteza lolote upande wa shinikizo. Kwa asiye na dalili hizo, dawa ya maji ya kipimo kidogo, ambayo kwa kawaida ni ya bei nafuu, inabaki kuwa chaguo la heshima. Mwaka huohuo wa 2019, Shirika la Afya Duniani liliongeza katika orodha yake ya dawa muhimu vidonge vinavyochanganya dawa mbili za presha katika kidonge kimoja, miongoni mwavyo vikiwa vya lisinoprili na amlodipini.

Anayetumia dawa ya maji anastahili kupimwa sukari na potasiamu kabla ya kuanza, kisha baada ya miezi michache, halafu angalau mara moja kwa mwaka. Vyakula vyenye potasiamu kama ndizi, maharagwe na mboga za majani husaidia, isipokuwa kwa mwenye figo dhaifu, ambaye potasiamu nyingi huweza kuusimamisha moyo wake. Kutembea kwa miguu nusu saa kila siku huyafanya misuli iitikie hodi kwa kiasi ambacho hakuna kidonge cha presha kinachokifikia.

Kwa aliye tayari na kisukari

Kuna tahadhari moja zaidi, nayo inamhusu mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari na ambaye, kwa sababu ya moyo wake, hawezi kuepuka kizuizi cha beta. Sukari ikishuka kupita kiasi, mwili kwa kawaida hutoa ishara kupitia adrenalini: moyo hudunda kwa kasi na mikono hutetemeka. Mgonjwa huzitambua ishara hizo, akala kitu kitamu, akanusurika. Kizuizi cha beta hukata njia ya ishara hizo mbili. Moyo hutulia kana kwamba hakuna lililotukia, mikono haitetemeki, na mgonjwa huweza kuzirai bila kujua kilichomkumba.

Ishara moja hata hivyo haizimwi, kwa sababu haipiti katika njia ya beta. Nayo ni jasho. Muuguzi anayemweleza mgonjwa wa namna hii hana haja ya kutafuta istilahi ngeni. Wasomaji wa riwaya za Kiswahili wamekutana mara nyingi na mhusika anayetokwa na kijasho chembamba anapoogopa, na hicho ndicho hasa kinachotakiwa kuelezwa: kijasho chembamba, cha baridi, kinachomtoka mtu aliyeketi kivulini pasipo kazi wala woga, pengine akiwa amechelewesha chakula chake cha mchana. Akikiona, ale kitu chenye sukari kwanza, kisha ndipo apime.